Mahali Pasipo Makaburi

Jumamosi saa tatu asubuhi watu sita waliketi katika ukumbi wa kanisa moja la Nchelenge, kila mmoja na simu yake, sahani ya karanga za kuchemsha ikiwa katikati ya meza. Walikuwa wanatengeneza ramani. Ilikuwa ramani ya kwenye simu, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza njia au jina, na wengine wakalikubali au wakalifuta. Wiki hiyo walikuwa wamefika kando ya ziwa, na hawakuelewana kijiji ni nini.

Guy, aliyekuwa fundi wa simu kule Pweto, upande wa Kongo wa ziwa, kabla ya kukimbia vita, alisema waangalie mabati. Penye mabati ni kijiji, penye nyumba za majani ni kambi ya wavuvi.

"Kashikishi kuko kilabu ya pombe, iko na mabati," alisema mwalimu Lombe. "Tuiite kijiji?"

Mwingine akasema waangalie kanisa.

"Bapasta banaomba mpaka mu bwato," alisema Guy, yaani hata ndani ya mtumbwi. "Hapana."

Ndipo Lombe akataja makaburi. Kambini mtu akifa, wenzake humfunga kwenye mkeka na kumrudisha kwao kwa mtumbwi, hata upepo ukiwa mbaya. Wanazikana pale tu wanapopaita kwao. Wote waliona maneno hayo ni mazuri. Guy akayaandika kwenye ukurasa wa majadiliano: penye makaburi ni kijiji, pasipo makaburi ni kambi. Kisha wakaanza kushuka na ufuko, jina kwa jina.

Keren aliketi mwisho wa meza, karibu na mlango. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Aliacha shule darasa la tano, na akisoma midomo yake hucheza, kwa hiyo alishikilia simu chini ya meza. Walimchukua kwa sababu alijua njia zote. Kazi yake ilikuwa kununua chisense, vile visamaki vinavyoanikwa mchangani, na kuvipeleka sokoni. Siku ya kwanza Lombe alimwuliza kwao ni wapi, akajibu Kashikishi, nyuma ya soko. Huko alikuwa amepanga chumba. Alizaliwa Kamponge, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Shuleni watoto wa Kamponge waliketi benchi la nyuma, na wenzao walivuta kola za mashati wakaziba pua.

Kabla ya saa sita walifika Kamponge. Picha iliyopigwa kutoka angani ilionyesha paa thelathini na nne za majani na mchanga mweupe wa kuanikia. Makaburi ya udongo hayaonekani kutoka angani.

"Keren, weye unapitaka kule," alisema Guy. "Kuko makaburi?"

Yalikuwa tisa. La nne lilikuwa la baba yake, Mulumba. Kichwani pa kaburi ilisimama, nusu yake udongoni, sahani nyeupe ya bati aliyokuwa akilia chakula. Keren mwenyewe ndiye aliyeisimika, akiwa na miaka kumi na mmoja.

"Kule kunanuka samaki," alisema Lombe akimenya karanga. "Hata maiti haiwezi kulala."

Walicheka. Keren naye alicheka.

"Hakuna," alisema.

Guy akabonyeza: kambi.

Jioni hiyo Keren alikwenda Kamponge kununua samaki. Mama yake, Suzanne, alikuwa anakusanya chisense kutoka mchangani kwa ufagio. Wafu walikuwa wameshatoka. Walikuwa wameketi tisa kwenye mstari pale mitumbwi inapofungwa, kila mmoja na mzigo wake.

"Banatoka tangu saa sita," alisema Suzanne. "Banasema hapa ni kambi, lazima barudishwe kwabo. Papa yako alikuya kuomba kamba ya kufunga muzigo. Nilimupatia ile ya nailoni."

"Bamekula?"

"Bamekunywa maji tu." Suzanne alisimama, akanyoosha mgongo. "Nani alisema hapa hakuna makaburi?"

"Batu ba ramani," alisema Keren.

Alikwenda akachuchumaa mbele ya baba yake. Mulumba alivaa suti ya kahawia aliyozikwa nayo, udongo mabegani. Sahani nyeupe ilikuwa juu ya magoti yake, imefungwa kwa kitambaa.

"Mutoto yangu, umekonda," alisema.

"Munaenda wapi, papa?"

"Banasema kwetu." Mulumba aliangalia upande wa Kongo. "Lakini kule bale balinijua balikimbia bote. Sijui nani atanipokea."

Nahodha aliyekuwa anaelekea Kisiwa cha Kilwa, kile cha humo ziwani, hakuwapakia. Alisema maiti hupakiwa ikiwa na jina la inakokwenda na jina la wa kuipokea. Hakuna aliyemjua wa kumpokea, na wawili hawakuwa hata na jina la kwao la kutaja. Mmoja wao alikuwa kitoto cha siku nne kilichozaliwa Kamponge na kufia Kamponge. Mama yake alikuwa hai, anapika, kwa hiyo mwanamke mfu aliyeketi pembeni alikuwa amekibeba. Wanawake waliokwenda kuchota maji waliwasalimu wote tisa na kuzunguka mizigo yao.

Jumamosi iliyofuata Keren alisema kwa sauti ndogo kwamba Kamponge ingefaa ibadilishwe iwe kijiji.

"Bon," alisema Guy kwa upole. "Preuve iko wapi, ushahidi? Tulikubaliana."

Jumatano Guy, Lombe na Keren walikwenda kwa pikipiki ya Lombe. Ilikuwa siku ya soko. Wanawake wa Kamponge walikuwa Kashikishi, wanaume walikuwa ziwani. Keren aliwapeleka nyuma ya nyumba ya mwisho. Palikuwa na mashimo tisa. Jirani alikuwa ameshapanda mihogo katika mawili, kwa kuwa udongo ulikuwa laini.

Guy alipiga picha. "Haya ni mashamba," alisema.

"Benyewe beko pale ku mayi," alisema Keren, akionyesha majini.

Walishuka. Lombe alivua kofia akasalimu, "Mulishani mukwai," na wafu wakamjibu vizuri.

"Munangoja nini, wazee?"

"Bwato," alisema Mulumba.

Lombe aliandika kwenye simu yake. "Batu na mizigo, banangoja bwato. Hii ni kambi kabisa." Akajipangusa pua kwa mkono wa shati, kwa sababu upepo ulitoka upande wa samaki.

Guy hakuwa na haraka. Alimwangalia Mulumba, kisha Keren, kisha Mulumba tena. Walikuwa na paji moja la uso.

"Keren," alisema. "Ule muzee kama iko na mutu wake hapa, mutu alimuzika, tunaandika kijiji. Sasa hivi. Mutu mumoja inatosha. Unamujua?"

Mulumba aligeuza uso, akatazama ziwa, ili asimsumbue.

Keren aliona mkono wa shati la Lombe, bado uko puani.

"Namuonaka tu mu njia," alisema.

Guy alihifadhi, wakapanda pikipiki wakarudi.

Ramani inaonyesha hivyo mpaka leo: Kamponge, kambi ya wavuvi. Mwezi wa nane lilipita gari la wachimba visima. Wao huchimba vijijini, nao walikuwa na ramani, kwa hiyo halikusimama. Desemba ziwa lilipofungwa ili samaki wazaane, mitumbwi ilivutwa juu na wafu wakahamia chini ya banda la nyavu kwa ajili ya mvua. Kitoto cha siku nne hakikui. Mama yake hukichukua mchana, hukirudisha jioni, maana mzigo wake uko pale.

Keren bado huja Kamponge kila Ijumaa, na siku hizi huja na wanunuzi wenzake wa sokoni. Mkobani hubeba karanga za kuchemsha. Anapofika bandani huziacha chini karibu na sahani nyeupe, kama mtu anayejipunguzia mzigo.

"Jambo, muzee," anasema.

Mulumba huangalia kwanza wale wanunuzi walio nyuma ya Keren.

"Jambo, maman," humjibu, vile mtu anavyomjibu mnunuzi asiyemjua, na huvuta mzigo wake kando ili apate kupita.