Mkono wa Mzee Ahmadi

Ng'ombe wa tatu alipotulia, Ahmadi alifuta kisu, akanyoosha mgongo, akasubiri bwana mifugo aje kukagua nyama na kupiga muhuri. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, asubuhi ya Ijumaa, na mvua ya Tukuyu, ile isiyojua kupumzika, ilikuwa inapiga bati la machinjio. Mwaka wa ishirini na saba huu, karibu kila kipande cha nyama kilicholiwa mtaani Bulyaga, iwe kwa Mwislamu iwe kwa Mlutheri, kilipita kwanza chini ya mkono wake na bismillahi yake.

Badala ya bwana mifugo akaja Ezron, mwenyekiti wa wenye mabucha, mwavuli begani.

“Ugonile, mzee wangu,” alimsalimu kwa Kinyakyusa.

“Salama. Mbona uso hivyo?”

Ezron akatoa simu. Ahmadi hakuwa na haja ya kuitazama ile video, maana wiki nzima mji ulikuwa unamtazama yeye. Sekunde kumi na nne tu: kanisa la kule Kisondela, jeneza la mama mkwe wake, na yeye mbele kabisa, bega kwa bega na mkewe Tulia. Kwaya inaimba. Na midomo yake inacheza. Ng'ombe dume aliyempeleka msibani kama mkwe hakupigwa picha. Midomo ndiyo iliyopigwa.

“Wenye hoteli wamegoma,” Ezron alisema. “Nyama ya mkono wako hawaitaki tena. Eti umeritadi.”

“Nani kasema?”

“Wanasema. Mimi Mmoraviani, mzee, hayo siyajui. Mimi nataka nyama iuzike. Leo baada ya swala kamati ya msikiti itakusimamisha, utoe shahada upya mbele ya watu, yaishe. Dakika moja tu. Usipotoa, kesho kuna jamaa anakuja kuchinja kutoka Mbeya.”

“Upya?” Ahmadi aliuliza. “Nilitoka lini?”

Ezron akafungua mwavuli, akaondoka. Akiitoa shahada, amekiri kwamba aliuacha Uislamu, na nyama yote aliyochinja tangu msiba ule inakuwa haramu kwa kinywa chake mwenyewe. Asipoitoa, kazi imekwisha. Na mtu wa miaka sitini na mmoja, bega moja halipandi, angekwenda kuanza kazi gani? Kuchuma chai?

Nyumbani alimkuta Tulia ananyoosha kanzu yake kwa pasi ya mkaa. Alimweleza. Tulia hakuinua kichwa.

“Si useme tu ulikuwa unaomba dua, baba Siham.”

“Niliimba.”

“Najua uliimba. Si nilikuwa nimekushika?”

Na kweli alikuwa amemshika. Siku ile sauti ya Tulia ilikatika katikati ya wimbo aliokuwa akiupenda mama yake, akaanza kuanguka. Ahmadi alikuwa ameusikia wimbo ule jikoni kwake miaka thelathini. Akaupokea mstari mmoja, mkewe asianguke. Ni hilo tu.

“Na mimi kwetu wananiuliza kila Jumapili, utamleta lini mumeo aokoke,” Tulia alisema. “Nawajibu, bado kidogo. Siku zinakwenda. Na wewe wajibu, mume wangu, tule.”

Ahmadi akavaa kanzu bado ina joto. Upweke ulimshika palepale, ndani ya nyumba yake. Mke aliyemwimbia asianguke ndiye anayemwambia adanganye. Hakumlaumu. Lakini ulimuuma.

Msikitini alisimama safu ya pili, mahali pake. Aliyekuwa kushoto kwake akasogea, likabaki pengo la mtu mzima. “Zibeni mapengo,” shekhe alihimiza kama kawaida. Hakuna aliyeziba.

Walipomaliza, Farhan, katibu wa kamati, akashika kipaza sauti. Kijana mpole, mwenye elimu yake, na kwa kweli alidhani anamsaidia.

“Mzee wetu Ahmadi, simama. Watu wanataka kujua pale kanisani ulikuwa unasema nini. Kama ilikuwa dua, tueleze, tumalize.”

Mlango huo hapo, wazi kabisa. Hata shekhe, rafiki yake wa zamani, alimwashiria kwa kichwa apite.

“Nilikuwa naimba,” Ahmadi alisema. “Mstari mmoja. Mke wangu alikuwa anaanguka.”

Watu wakaguna. Farhan akapangusa paji la uso.

“Basi, mzee wangu, toa shahada. Tukusikie.”

“Nimeitoa alfajiri. Nimeitoa sasa hivi kwenye tahiyatu, hapahapa, nyuma yako. Hukunisikia kwa sababu sikuwa nasema na wewe.”

“Sisi tunahukumu yanayoonekana.”

“Haya. Mmeshaona. Asalaamu aleykum.”

Shekhe akainamia tasbihi yake. Ahmadi akatoka, akatafuta viatu vyake katikati ya viatu vya watu wote, akavivaa peke yake.

Jumamosi aliamka saa ileile. Aliswali sebuleni, akakaa kwenye mkeka bila kujua mikono aiweke wapi. Simu ikaita. Ezron.

“Mzee, samahani sana. Huyu jamaa visu vyake butu. Ng'ombe wa kwanza ameinuka na shingo nusu, damu hadi ukutani. Wamebaki wawili. Njoo utunolee.” Akashusha sauti. “Ila usiingie ndani, mzee. Pale getini tu. Wenye hoteli wapo.”

“Usiende,” Tulia alisema kutoka chumbani. “Wanakufanya mjinga.”

Ahmadi alikuwa ameshachukua kinoo. Kama ni kwa ajili ya Ezron, asingekwenda. Lakini mnyama hana kosa, na kumtesa ni dhambi aliyofundishwa na baba yake kabla ya kufundishwa kushika kisu.

Visu vilipitishwa kwenye nondo za geti. Alichuchumaa kwenye matope, kanga ya Tulia kichwani kwa ajili ya mvua, akanoa. Ndani ng'ombe alikuwa analia. Ezron alisimama upande wa pili wa geti, mwavuli begani.

“Mmemuuliza anaswali wapi?” Ahmadi aliuliza bila kusimamisha mkono.

“Nani?”

“Huyo wa Mbeya.”

Ezron akageuka kumtazama yule jamaa, akageuka tena.

“Ana kofia, mzee.”

Ahmadi akajaribu makali kwa ukucha wa kidole gumba. Akapitisha kisu, mpini mbele.

“Mwambie asimwonyeshe ng'ombe kisu.”

Ezron akakipokea, akasema asante, akarudishia geti.