Nyuki Waliotangulia Kituoni

Mwalimu Chrispin, msimamizi wa kituo cha kura, alikuwa ameahidi hadharani, kidole kikiwa juu, kwamba uchaguzi wa 1965 hautaibiwa mbele ya macho yake. Chama kilikuwa kimoja, wagombea wawili: mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Lakini kijiji hicho cha karibu na Itigi kilikuwa kimegawanyika hata watu wa Jembe hawakuchota maji kisima kimoja na watu wa Nyumba. Zizi moja lilikuwa limeshachomwa moto. Kila upande ulikuwa umeapa kwamba kura zikiingia doa, mashoka yatasema.

Kwa hiyo Mwalimu alilifunga sanduku la kura kwa heshima zote. Lakiri ya kuzibia sanduku haikuja na treni, basi akachukua nta ya nyuki, akaipaka kwenye kingo za kifuniko kwa ukarimu wa mtu anayepaka siagi ya mwenzake, akagonga muhuri wa shule, akaliweka ofisini karibu na dirisha siku tatu kabla ya kura, akafunga mlango. Alikuwa mtu wa Kinyangiri, mtoto wa wafugaji. Ungemuuliza habari za ng'ombe, si za nta.

Asubuhi ya kura alifungua ofisi mbele ya mawakala wawili. Sanduku lilikuwa linanguruma.

"Shikamoo, Mzee Filipo," alisema kwa sauti nyembamba. "Ni nini hicho?"

"Marahaba. Nyuki hao," alijibu wakala wa Jembe. "Sanduku tupu, lina tundu, umelipaka nta. Sisi hapa ndivyo tunavyowaita waingie mzinga mpya."

"Wewe si ndiye mrina asali?" alidakia Mama Theodora, wakala wa Nyumba. "Umewatuma!"

"Nyuki hawana kadi ya chama, mama."

"Wako wanazo."

Nje, mistari miwili ilikuwa imeshajipanga, fimbo mikononi. Sanduku jingine lilikuwa Manyoni, na treni ilikuwa imepita. Filipo alitaka kuwafukiza. Theodora akasema mkono wa Jembe hauingii humo. Theodora akamtaja shemeji yake, naye mrina asali, afanye kazi hiyo. Filipo akasema bora nyuki wapige kura. Vijana walianza kusogea mlangoni.

Mwalimu alitazama huku na huku akitafuta mtu asiye na upande. Akajiona mwenyewe.

Alilibeba sanduku hadi uwanjani ambapo wote wangeona, akawasha majani mabichi, akapulizia moshi, mwingi ukimwingia yeye, kisha akabandua kifuniko. Nyuki wakampigia kura kwa kauli moja. Hakukimbia. Aling'oa masega kwa mikono mitupu huku akilia waziwazi, mpaka kundi likahamia mtini, na macho yake yakafumba kabisa kwa uvimbe.

"Sheria inataka muone kuwa ni tupu," alisema gizani. "Mimi sioni. Semeni nyinyi."

"Tupu," alisema Filipo.

Fimbo moja iligonga nyingine.

"Mama Theodora?"

"Kuna nyuki mmoja."

"Kafa!" alifoka Filipo.

"Kafa, lakini yumo. Mna mpango naye?"

Minong'ono ilipanda. Mwalimu aliingiza mkono, akapapasa pembe moja baada ya nyingine, akampata. Angemtupa, wangeuliza katupwa upande wa nani. Akamtia mdomoni, akatafuna, akameza.

"Sasa?"

Theodora aliinama, akachungulia muda mrefu.

"Sasa tupu," alisema. "Wa kwanza apite."