Tarehe ya Kurudi

Umewahi kusikia nchi ambayo raia wake hawafi? Basi Matopeni ilikuwa hivyo, tena kwa sheria.

Matopeni ilikuwa himaya ya Mfalme Kiboko, pande la nchi lenye maji katikati na mabonde pembeni. Zamani raia wake walikufa kama wa nchi nyingine yoyote. Walizikwa, wakaliliwa, tanga likaanuliwa, na waliobaki wakarudi mashambani. Mambo yalibadilika lilipojengwa Tuta la kuzuia maji. Mfalme alitaka dimbwi lake liwe na kina kiangazi na masika, maana jua lilikuwa likimbabua mgongo, na mgongo wa mfalme ukibabuka ni aibu ya taifa. Wakaitwa ngiri, wachimbaji wa kuzaliwa, na kanga wa kuchakura. Mawe yakateremshwa kutoka mlimani, vichwani, misimu mitatu mizima, yakapokelewa na Mamba, Waziri wa Ghala. Na mamba, kama ujuavyo, humeza mawe. Mwenyewe husema yanamsaidia kuzama. Basi Tuta likamalizwa kwa udongo mtupu, likapakwa chokaa, likapigiwa ngoma.

Masika ya kwanza likaachia. Wachimbaji arobaini na mmoja walikuwa chini yake wakiziba nyufa.

Kulipokucha ikatoka amri: Tuta la Mfalme halikubomoka, limepumzika, na wale waliokuwa chini yake wamesafiri. Tangu hapo maneno kadhaa yakafutwa Matopeni: kufa, kaburi, mjane, msiba. Matanga nayo yakapigwa marufuku, kwani nani humlilia msafiri?

Mama Sihaba alikuwa mke wa mmoja wa wasafiri hao. Mumewe, Mwinyipembe, alitoka alfajiri ile akaacha nusu bakuli ya viazi vikuu, akasema atakuja kumalizia. Mama Sihaba hakubishana na amri. Alikuwa na binti, na binti alikuwa na akili. Akafagia ua wake, akalima, akanyamaza.

Mwaka wa pili Sihaba akafaulu kuingia Chuo cha Matuta, wa kwanza katika bonde lote. Chuo chenyewe kilikuwa ng'ambo ya maji, masomo ya miaka minne, na ada yake magunia ya mtama ambayo mama yake asingeyavuna hata angelima mpaka kwato zimwishe. Lakini palikuwa na Fungu la Wasomi. Mfalme mmoja wa kale alichonga sheria juu ya mwamba: yatima asome kwa mtama wa ghala. Mwamba haufutiki. Ila kwa kuwa Matopeni hakuna anayekufa, Baraza lilikaa likaifafanua: yatima ni mtoto ambaye baba yake haonekani nyumbani kwa sababu ya shughuli za taifa. Watoto wa wajumbe wote wakawa yatima kwa siku moja. Waliobaki wakawekewa Mkopo wa Mtoto wa Msafiri, utakaolipwa na msafiri mwenyewe akirudi.

Mama Sihaba na bintiye walikwenda kuuomba mkopo huo. Safari ya kwanza Korongo, Karani wa Fungu, aliirudisha fomu kwa kuwa mjumbe wa bonde aligonga ukwato kushoto badala ya kulia. Safari ya pili akataka barua ya baba, ya kumruhusu binti kusoma.

"Aandike huko huko aliko," alisema Korongo, amesimama kwa mguu mmoja, macho kwenye karatasi zake.

"Huko aliko hakuna karatasi, mheshimiwa."

"Basi leteni shahidi aliyemwona akiondoka."

"Waliomwona akiondoka waliondoka naye."

Korongo akabadilisha mguu. "Njooni siku ya mwisho," alisema.

Siku ya mwisho ikafika. Jua likitua, kiti cha asiyekamilisha fomu kinapewa mwingine. Njia nzima Mama Sihaba alikuwa akijifundisha kulitamka neno moja tu, amesafiri, bila sauti kukatika.

Kwenye foleni, mbele yao, alisimama Bi Kanga na mwanawe. Kinywa cha Bi Kanga hakikuwa na kifuniko.

"Shoga, wako kasafiri na nini?"

"Na jembe."

"Afadhali yako. Wangu mie manyoya kayaacha kwenye tope. Huko aliko sijui anajifunika nini."

Mama Sihaba aliuma mdomo, asicheke wala asilie. "Punguza sauti, Bi Kanga."

Mara foleni ikapasuka kumpisha Mamba. Ubavuni kwake alikuwa mwanawe, kijana mnene anayeng'aa mafuta, na cheti cha uyatima kikining'inia shingoni.

"Pole na msiba, baba," Bi Kanga akamwambia yule kijana.

"Msiba gani?" aliuliza kijana, akamgeukia baba yake.

Foleni ikaguna. Mamba akasimama. Akatabasamu taratibu, jino baada ya jino, na tumboni mwake mawe yakagongana, ko, ko, kila mtu akayasikia.

"Neno hilo limefutwa, Bi Kanga," alisema kwa upole. "Limeingia sikio hili. Lisije likaingia na la pili, maana hilo liko jirani na meno."

Bi Kanga akamvuta mwanawe chini ya bawa. Mama Sihaba akahisi bega la Sihaba likigusa lake, limekakamaa kama gogo.

Zamu yao ilipofika jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Mfalme Kiboko alilala katika dimbwi lililobaki, pua na masikio tu vikiwa nje. Siku ya mwisho alipenda kuzisikia shukrani mwenyewe. Mamba alikaa kuliani kwake.

"Swali la saba," akasoma Korongo. "Baba yuko wapi? Nyumbani, kikaoni, au amesafiri?"

"Amesafiri," akajibu Mama Sihaba. Sauti haikukatika.

"Kwa hiari yake?"

"Kwa hiari yake."

"Na Tuta la Mfalme lina hali gani?"

Sihaba akainua kichwa. Msichana huyu alikwisha kulipima Tuta lile kwa hatua zake, ufa kwa ufa, na alijua udongo ulianza kukatikia wapi.

"Ni zima," mama yake akawahi.

"Mama mwelewa huyu," alisema Mfalme, akapuliza maji puani.

"Imebaki nafasi moja, kisha ukwato," akaendelea Korongo. "Mkopo utalipwa na msafiri, kwa hiyo lazima tujue. Anarudi lini?"

Mama Sihaba alikuwa ameshachovya ukwato katika wino. Tone likadondoka mkekani.

"Sijui."

"Taja mwezi wowote. Hakuna atakayekwenda kuangalia."

"Wenzako wote wametaja," Mamba akadakia. "Wengi wamependa mwezi wa mavuno. Ni mwezi mzuri."

Mama Sihaba akafungua kinywa. Uongo wa kuondoka alikuwa ameufanyia mazoezi. Huu wa kurudi ulimkuta mikono mitupu. Akajiona mwezi wa mavuno, ua umefagiwa mara mbili, chungu kiko mekoni, masikio yako njiani. Na mwezi ukipita, angejiambia labda alimaanisha wa mwaka ujao.

"Nikiutaja nitaungoja," alisema.

"Unasemaje?"

"Huo mwezi, mheshimiwa. Nikiutaja, nitaungoja."

Mawe yakagongana tumboni mwa Mamba. "Mama, jua lile pale. Unataka mtoto akose kiti kwa nafasi moja isiyojazwa?"

Jua lilikuwa limegusa vichwa vya mafunjo. Mfalme, asiyependa kucheleweshewa chakula, akainua kichwa chote majini.

"Mpeni fungu zima," alisema. "Mwandikeni binti yatima wa Baraza, asome mpaka achoke, na nafasi hiyo iacheni wazi. Mama agonge ukwato tu, tukale."

Lilikuwa kubwa kuliko alilokuja kuliomba. Foleni nzima ilisikia. Korongo akaisogeza fomu mpaka ikamgusa Mama Sihaba magotini. Ukwato ukishuka hapo, kesho Sihaba anavuka maji, na baba yake anabaki msafiri milele.

Mama Sihaba akamgeukia binti yake. Miaka miwili msichana alikuwa amekiota kiti kile, amelala nacho, ameamka nacho. Akaitazama fomu kwa muda mrefu. Kisha akachuma jani, akauchukua ukwato wa mama yake, akaufuta wino polepole, upande huu na upande huu, mpaka ukabaki rangi yake.

"Kiti atakikalia mwenzangu, mama," alisema. "Wewe sema."

Nyuma yao foleni ilikuwa imesogea. Bi Kanga, ambaye fomu yake ilikwisha pita na angekuwa njiani kwenda kwake, alikuwa amerudi na mwanawe. Mamba akageuka, mawe yakalia tena, na safari hii hakuna aliyerudi nyuma hata hatua. Korongo akasimama kwa miguu yote miwili.

"Mama huyu anataka nini hasa?" Mfalme alimuuliza Korongo, kana kwamba mama mwenyewe hayupo.

"Mume wangu amekufa," Mama Sihaba akajibu. Hakupaza sauti. "Yuko chini ya tuta lako, yeye na wenzake arobaini. Mimi nataka kumzika."