Orodha Mlangoni mwa Darasa

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa chifu kule Myanga kwa miaka ishirini na saba, na nyumbani kwetu hata ugomvi wa kuku uliandikwa. Alizoea kusema kwamba kilichobandikwa mlangoni hakikanwi. Sisi watoto tulimcheka, lakini neno likatuingia. Mimi Nakhungu nililibeba hadi nyumba ya ndoa, kule juu ya Endebess, na ndilo lililomuua mume wangu. Watu wananifariji kwamba ni wezi. Wezi walikuja kumalizia tu.

Mume wangu Kibiwott alikuwa na bunduki ya mitutu miwili aliyoimiliki kwa cheti miaka kumi na tisa. Kila cheti kilipokaribia kuisha alishuka Kitale kukifanya upya, amevaa koti la kanisani, kiatu kimepakwa rangi. Bunduki ilikaa ndani ya sanduku la chuma lililopigwa misumari ukutani, na ufunguo ulikaa shingoni mwake. Hakuwahi kumlenga binadamu. Mara mbili alifyatua hewani wezi wa ng'ombe walipofika uani, na mara zote mbili waliondoka bila hata kamba. Kule mlimani watu huijua nyumba yenye bunduki kama wanavyoijua nyumba yenye mbwa mkali, wala hawangoji kuumwa.

Mwaka huu mvua ilinyesha siku kumi na moja bila kupumua. Siku ya kumi na mbili kipande cha mlima kiliteremka kikafunika nyumba nne za majirani zetu. Tulichimba kwa majembe na sufuria, tukatoa watu saba, na wawili tu ndio waliokuwa hai. Jioni ile serikali ilituamuru sote tuhame, tukalale kwenye shule ya msingi iliyo chini, hadi mvua ikatike.

Nyumba yetu ilisimama, na ng'ombe wetu kumi na mmoja walikuwa wazima. Kaka yangu Wabwile, anayeuza mbao Kanduyi, alipiga simu siku hiyohiyo akasema atatuma lori, ng'ombe wapelekwe nyumbani kwa baba Myanga, wale nyasi huko hadi mambo yatulie. Nilidhani shida imekwisha. Kibiwott akakataa.

"Ng'ombe akiingia boma la mkwe hatoki, Mama Jepchumba," alisema. "Siku nitaenda kuwatoa, watu watasema nimekuacha na narudishiwa mahari yangu. Mimi sijakuacha."

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Nilikasirika, nikapendezwa, nikampigia Wabwile lori lisije. Ng'ombe wakabaki juu. Kila siku asubuhi na jioni Kibiwott alipanda kwenda kuwakamua na kuwaangalia, bunduki begani, kisha akarudi shuleni na maziwa tuliyogawia watoto. Siku nne zikapita hivyo, na hakuna aliyeibiwa hata kuku.

Siku ya tano akaja Inspekta Nyambu na askari watatu, matope hadi magotini. Sitamsingizia, hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alieleza kwamba katika kambi nyingine wanaume wawili waligombania unga wa msaada, mmoja akaenda kuchukua bunduki yake, na mtoto aliyekuwa kwenye foleni akapoteza mguu. Kwa hiyo, wakati huu wa dharura, kila mwenye bunduki ya cheti aisalimishe, itunzwe kituoni, na mvua ikiisha atarudishiwa.

Kibiwott alisimama akauliza kwa upole ni nani atakayelinda mifugo iliyobaki juu. Akaambiwa polisi watapiga doria. Akauliza ni sheria gani inayomnyang'anya mtu asiye na kosa mali aliyopewa na sheria hiyohiyo, tena siku anayoihitaji kuliko zote. Nyambu akasema ni amri kutoka juu, na yeye pia ameamriwa. Basi mume wangu akanigeukia. Kila mara mambo ya karatasi yalipomshinda, alinigeukia mimi, binti wa karani.

"Wape, Baba Jepchumba," nilimwambia. "Lakini waandike."

Ndipo nikasimama mbele ya watu, kanga yangu nimeifunga vizuri, nikajifanya wakili. Nilimwambia Inspekta kwamba hatutoi kitu hewani. Aandike orodha ya kila aliyesalimisha, jina lake, kijiji chake na aina ya bunduki, apige muhuri, kisha aibandike mlangoni mwa darasa kila mtu aione, ili kesho asije mtu akakana. Wanawake wakanipigia makofi. Nyambu mwenyewe alifurahi, akasema laiti raia wote wangekuwa kama mimi. Karatasi ikabandikwa ikiwa na majina sita, na la Kibiwott lilikuwa la kwanza. Nilijiona nimesoma. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa njiani.

Wakati hayo yakiendelea, jirani yetu Kipkemei alikuwa ameketi pembeni anakula maharage. Kipkemei alikuwa na bunduki tangu enzi za vurugu za mlimani, na kila mtu alijua, lakini cheti hakuwa nacho hata cha kughushi. Hakuitwa, hakuandikwa. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Siku ile ilikata upande mmoja tu, ule wa waliojionyesha kwake.

Orodha ilikaa mlangoni siku nne. Waliokuja kupokea unga waliisoma. Madereva wa malori ya msaada waliisoma. Wapita njia waliokuja kujikinga mvua barazani waliisoma kwa kukosa kazi. Niliwaona kwa macho yangu, na kila nilipowaona nilifurahi kwamba mashahidi wanaongezeka.

Gari la doria lilipanda siku ya kwanza tu. Siku ya pili daraja dogo lilichukuliwa na maji, gari likashindwa kuvuka. Nilimwomba Kibiwott asiende tena. Akaniambia ng'ombe asiyekamuliwa anaumia, naye hana mtu mwingine wa kumlilia. Alishika fimbo na panga, akaniachia ufunguo wa sanduku, maana sanduku lenyewe lilikuwa tupu.

Siku ya nne wezi walikuja, saa kumi alasiri, ukungu ukiwa umeshuka kiasi kwamba huoni ua wa pili. Haya ninayoyasema aliniambia Kipkemei, ambaye alikuwa amepanda kuangalia mifugo yake mwenyewe, ng'ambo ya ua wetu. Alisikia miguu ya watu wengi, kisha sauti iliyotulia kabisa, sauti ya mtu anayeijua kazi yake.

"Kibiwott, tumesoma. Fungua."

Hakufungua. Kipkemei alisikia mlio mmoja. Akakimbilia bunduki yake alikoificha, akafyatua mara mbili kwenye ukungu, nao wakakimbia na ng'ombe tisa. Walituachia mtamba mchanga na ng'ombe mmoja mwenye mguu mbovu. Kipkemei alimkuta mume wangu langoni, amekufa, kamba ya lango ameizungusha mkononi mara tatu.

Na neno lile, tumesoma, Kipkemei hawezi kulipeleka mahakamani. Ataulizwa alikuwa wapi, na ni nani aliyefyatua mara mbili. Alilia mbele yangu, mtu mzima, akaomba nisimtaje kituoni. Sikumtaja. Hao tisa wangekuwa kumi na mmoja, na pengine na yeye angelala kaburini, kama angekuwa mtiifu kama sisi.

Tulimzika Kibiwott penye mwinuko ambao mlima haukuufikia. Wabwile akatuma lori. Ng'ombe wale wawili wakaingia boma la baba yangu Myanga, nami nikaingia nyuma yao. Kibiwott alisema hawatatoka, na nani sasa wa kuwatoa?

Wiki ya tatu nilikuwa Kanduyi, namsaidia mke wa kaka yangu dukani, simu ikalia kwenye laini ya marehemu ambayo sikuwa na moyo wa kuizima. Askari kijana, mwenye adabu, akasema dharura imeisha na Bwana Kibiwott afike kituoni Kitale mwenyewe, na cheti chake, kuchukua bunduki. Alisisitiza aje mwenyewe, kwani haiwezi kuchukuliwa na mtu mwingine. Nikamwambia nimesikia.

Nilienda. Mlangoni mwa ofisi kulikuwa na orodha mpya yenye muhuri, ya wanaopaswa kuchukua bunduki zao, majina sita, na lake lilikuwa la kwanza. Inspekta Nyambu aliponiona alisimama akavua kofia. Alinipa pole, na naamini ilitoka moyoni. Kisha akanieleza taratibu kwamba cheti ni cha mtu na hakirithiwi, hivyo bunduki inabaki serikalini, na mimi niweke sahihi pale chini kwamba ilitunzwa vizuri.

Bunduki ilikuwa juu ya meza, imepakwa mafuta, haina hata kutu. Ni kweli waliitunza vizuri.

Nikamwambia nitatia sahihi, lakini kwanza anionyeshe ile amri kutoka juu. Nilitaka kuisoma kwa macho yangu. Alifungua droo, akaifunga.

"Mama, ilikuwa ya mdomo," alisema. "Tuliambiwa kwa simu."

Baba yangu, miaka ishirini na saba. Karatasi zote zilizokuwapo katika jambo hili zilikuwa zile nilizodai mimi. Nikavuta kiti nikakaa.

"Basi iandike sasa," nikamwambia. "Andika ni nani aliitoa, na kwa sheria gani. Halafu uibandike pale mlangoni, karibu na jina lake."

Alivuta karatasi, akaandika tarehe vizuri kwa mkono wa mtu aliyesoma. Kisha kalamu ikasimama, maana hakujua aandike jina la nani.