Namba Kumi na Nne

Alhamisi saa tatu asubuhi, Farida wa Likombe alilala chali kwenye mashine ya kuvunja mawe ya figo, katika hospitali moja mjini Mtwara. Nesi Veronika alimpaka jeli kiunoni, akausogeza mfuko wa maji mpaka ukamgusa ubavu. Kwenye kiti cha ndugu wa mgonjwa alikaa mama yake, bi Mwanakombo. Alifariki miaka kumi na tisa iliyopita kwa jiwe la figo kama hilohilo la Farida, na alikuja na chupa ya maji ya nywele za mahindi, aliyoyachemsha mwenyewe.

Mashine ikaanza kugonga. Bi Mwanakombo aliisikiliza kidogo, kisha akaimba ule wimbo wao wa kutwangia makopa ya muhogo, enzi zile yeye na Farida wakitwanga kwenye kinu kimoja, huyu anainua mchi, huyu anashusha. Mashine ikafuata wimbo. Farida alilia, na si kwa maumivu. Aliutamani ua ule wa nyumbani kwao, vumbi la unga kwenye nyusi za mama, na sauti ikimwambia asiwe na pupa. Mapigo elfu tatu yaliisha upesi mno.

"Na mimi nivunjiwe langu," alisema bi Mwanakombo.

Veronika hakuwa mtu wa kubagua wagonjwa. Akaigeukia kompyuta. "Shikamoo, mama. Naomba barua ya rufaa."

"Marahaba, mwanangu. Bado niko kwenye foleni yake." Akafungua fundo la khanga, akatoa kipande cha boksi kilichoandikwa 14.

"Bila rufaa mfumo haukubali, mama."

Bi Mwanakombo alimshukuru, maana hata akiumwa alikuwa na adabu zake. Akamwachia Farida chupa, akaondoka ameshika kiuno.

Siku nne Farida alikunywa maji na kuchuja mkojo kwa kitambaa, kama alivyoelekezwa. Chembe za jiwe zilizotoka akazitia kwenye kichupa. Siku ya tano akapanda gari la Kilambo, akashuka kijijini kwao ili amwombee mama ile barua.

Zahanati ilikuwa imepakwa rangi mpya, imependeza kweli. Mlango wa mganga ulikuwa na kufuli lilelile. Mganga alihamishwa wiki aliyofariki bi Mwanakombo, na mwingine alikuwa bado anatarajiwa. Mama alikuwa kwenye benchi, palepale alipokata roho akisubiri. Farida akakaa, akampa kichupa.

"Liliuma?"

"Kidogo."

Mama akazitikisa chembe karibu na sikio. "Langu kubwa," akasema.

Walikaa bega kwa bega. Mama alinukia moshi na unga wa muhogo, na Farida hakutaka kwenda popote.

Adhuhuri akaja binti wa miaka ishirini hivi, ameshika kiuno, jasho linamtiririka.

"Shikamooni. Wa mwisho nani?"

"Mimi," alisema bi Mwanakombo, akasogea kumpa nafasi. "Wewe ni wa kumi na tano."