Huko Juu Hakuna wa Kugonga

Mkono wa darubini ya angani ulijikunjua taratibu, mita nne za bomba jeusi, ukiwa umening'inizwa kwa nyaya ili usihisi uzito wake. Bawaba ya katikati ikajifunga. Kisha fundi mkongwe akafanya alichofanya siku zote: akaugonga mkono kwa kifundo cha kidole, ko, ndipo akageuka kusoma kipimo.

"Safi. Umerudi palepale."

Mhandisi aliyeibuni bawaba ile, ambaye karakana nzima ilimwita Mama Bawaba, moyo ulimlipuka. Miaka miwili aliona kugonga kule bila kukutilia maanani. Kila mgeni karakanani alifundishwa kugonga, kiungo kikae sawa, na kweli kilikaa. Lakini chombo kikishafika angani, mkono ungejikunjua peke yake, na kioo kilichofungwa kwenye ncha yake kikipotoka kidogo tu, nyota zote zingekuwa ukungu.

Akaomba warudie, mtu asiguse kitu. Kipimo kikaonyesha mkono umekosea mahali pake, kwa kiasi chembamba kuliko unywele, lakini mara tatu ya kinachoruhusiwa. Wakarudia mara kumi. Kila mara ulikosea, na kila mara kivyake.

Mkuu wa mradi akaitwa. Wakaguzi walikuwa wanafika saa nane, naye alianza kwa kumbembeleza Mama Bawaba: bawaba ni yake, aibu itakuwa yake, na hakuna anayejitia kitanzi kwa mikono yake. Majaribio mia mbili yamefaulu. Haya kumi yametoka wapi?

"Yale mia mbili tuliyasaidia," mhandisi akajibu. "Huko juu nani atagonga?"

"Roketi itautikisa mkono."

"Roketi inautikisa ukiwa bado umekunjwa."

Mkuu akajaribu njia nyingine. "Utaratibu unaruhusu kugonga. Umeandikwa."

"Niliuandika mimi. Naufuta."

Hapo ubembelezaji ukakoma. Mkuu alimwambia wazi kwamba namba zile zikiingia kwenye ripoti, kazi hii atapewa mwingine. Mama Bawaba alijua si vitisho vya bure. Hata hivyo alivuta kiti, akaziandika namba zote kumi jinsi zilivyokuwa, bila kupunguza hata nukta, akatia sahihi mbele ya macho ya mkuu. Akaona hasira ina utamu wake, akauacha umkolee.

Mkuu alipotoka, fundi mkongwe alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyewafundisha kugonga, mwanangu."

"Na mimi ndiye niliyekuamini, baba. Njoo usimame nami."

Mzee alivuta pumzi, akavaa koti lake la kazi, akalifunga vifungo vyote.

Saa nane wakaguzi watatu waliingia, mkuu akiwatangulia kwa kicheko na habari za safari. Mama Bawaba hakumngoja amalize. Alipita mbele yake, akawapa karatasi ya namba zile kumi mkononi kabla hawajaketi.

"Karibuni," alisema. "Bawaba yangu haifai. Sogeeni niwaonyeshe."