Kikapu Hakirudi Kitupu

Siku daktari alipomwambia Mwalimu Ntirenganya kwamba moyo wake umechoka, na kwamba asitembee tena hata kufika barabarani, mwalimu hakuuliza atakufa lini. Aliuliza nani atawafundisha watoto wa darasa la kwanza maneno kama mbuzi na ndizi. Daktari, Mbelgiji mwenye haraka zake, alicheka akidhani ni mzaha. Athanasie hakucheka, kwa kuwa alimjua mumewe.

Miaka yote ya ndoa yao mwanamume huyo hakuwahi kuingia darasani mikono mitupu. Walimu wenzake wa misheni walimwita mama wa soko, kwa sababu kila asubuhi walimwona akishuka kutoka upande wa Ndosho, mtaa wao, juu ya yale mawe meusi yaliyotapikwa na mlima wa moto, kikapu chenye mfuniko mkononi. Wao walikuja na kipande cha chaki mfukoni na sauti kubwa, basi. Waache wacheke. Darasa la Ntirenganya lilikuwa likisoma vitabu wakati yao bado yanaimba herufi.

Ndani ya kikapu mlikuwa na somo la siku nzima, limepangwa. Vijiti vya kuhesabia vilifungwa kumi kumi kwa nyuzi za mgomba. Chini yake vilikuwa vitu vya kushika: pembe ya mbuzi, ganda la ndizi lililokauka, unyoya wa kuku. Halafu vipande vya karatasi ngumu, kila kimoja na neno lake. Kilicho juu ndicho cha kwanza, na kinachofuata kinakaa chini yake, hivyo mwalimu hakupoteza hata dakika kupapasa huku watoto wakipigana viwiko. Alikipanga kila jioni, chakula kikiiva, na Athanasie alikuwa amezoea kumwona akipiga hesabu za kesho kwa midomo isiyotoa sauti.

Safari hii hofu ya mwalimu ilikuwa na sababu. Mwisho wa mwaka Padri mkuu wa shule aliketi mezani na kumpa kila mtoto karatasi asome. Aliyesoma alipanda darasa la pili. Aliyeshindwa alirudi nyumbani moja kwa moja, na benchi lake akapewa mwingine, kwa maana waliongoja nje walikuwa wengi. Katika darasa lile alikuwamo Nyiransabimana, binti wa jirani yao Philomène aliyeuza viazi. Ntirenganya alikuwa amemwombea nafasi kwa kubembeleza, mara kwa Padri, mara kwa mama mtu. Philomène alikubali shingo upande.

"Sawa, mwalimu," alisema. "Lakini asiposoma mwaka huu, anaenda Masisi kwa shangazi yake, kulea mutoto. Miye sina mutoto wa kuikala bure."

Baada ya Pasaka, misheni ikamleta Honoré ashike darasa. Alikuwa kijana aliyetoka kwenye shule ya walimu, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi, na sauti yake wakati wa misa iliwafanya wanawake wageuze shingo. Tusimwonee. Alikuwa mtu mwema, hakupiga watoto, na watoto walimpenda tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza Athanasie alipeleka kikapu. Mumewe alikuwa amekipanga akiwa amelala ubavu, akipumzika kila baada ya vijiti vichache. Athanasie alifika mlangoni mwa darasa, akainamisha macho. Mbele ya watoto wake mwalimu haulizwi maswali wala haelekezwi, na mke wa mwalimu alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Mwalimu, muzee amekutumia hii. Ni ya leo."

"Oh, mama! Aksanti sana." Honoré alikipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. "Umusalimie sana muzee."

Alasiri alirudi kukichukua, akakiona kimekuwa kizito. Jikoni kwake akafungua mfuniko. Juu kulikuwa na maharagwe mapya, mazuri, yamechambuliwa. Chini ya maharagwe kila kitu kilikuwa vilevile kama kilivyotoka nyumbani, hata uzi mmoja haukuguswa.

Akaelewa. Kwao, kikapu kilichofunikwa kikitoka nyumba moja kwenda nyingine ni zawadi. Hukichungulii mbele ya aliyekileta, na hakirudi kitupu. Honoré alikuwa amelelewa vizuri. Laiti angekuwa mtovu wa adabu, angefungua mfuniko palepale na kuuliza hivi ni vitu gani.

"Mama Ferdinand!" Sauti ilitoka chumbani. Ferdinand alikuwa mwana wao wa pekee, mfanyakazi huko Bukavu. "Umerudi? Leta nione. Batoto balichanganya vitu?"

Hilo ndilo alilolitaka. Ntirenganya alisoma kikapu kilichorudi kama mkulima anavyosoma shamba. Mafungu ya vijiti yakiwa yamefunguka, watoto wamehesabu. Maneno yakiwa yamejikunja pembeni na kuchafuka, yamepita mikononi. Kikirudi nadhifu, siku imepotea. Athanasie alimfikiria pale kitandani, miguu imevimba, macho mlangoni. Akatoa maharagwe. Kisha, kabla akili haijamkataza, akaanza kufungua nyuzi, moja baada ya nyingine, akavimwaga vijiti ovyo kikapuni na kuvikoroga kwa mkono.

Mumewe alipokiona alicheka, kicheko cha kwanza tangu augue. "Ona! Ona namna baliharibu! Basi balifanya kazi." Akala maharagwe yale akiamini wazazi wamemtumia shukrani, kisha akaomba mto wa kuegemea na kuanza kufunga upya. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, fundo moja lilimchukua muda mrefu, lakini alikataa kusaidiwa.

Ikawa ndiyo desturi. Asubuhi alipeleka kikapu kilichopangwa, alasiri alipokea kikapu kilichopangwa na viazi juu yake, au mahindi, au tena maharagwe. Njiani, nyuma ya jiwe kubwa ambapo hapiti mtu, alikaa chini na kukivuruga. Alijifunza kazi hiyo vizuri mno. Alipaka maneno vumbi kwa ncha za vidole ili yaonekane yameshikwa na watoto, akakunja pembe zake. Siku moja alichana karatasi moja makusudi, kwa kuwa aliona haiwezekani watoto wengi vile wasichane hata kitu kimoja. Na jioni alitunga habari.

"Nyiransabimana alisoma ndizi leo. Hakusitasita."

"Alishika ganda kwanza?"

"Alishika."

Ntirenganya alifumba macho, akawa kama mtu anayeonja asali. Athanasie alitoka nje na kulia kwenye moshi wa kuni, mahali ambapo machozi hayaulizwi. Alikuwa anampenda, basi.

Usidhani hakujaribu kuliweka sawa. Asubuhi moja aliwahi, akasimama nje ya dirisha la darasa. Honoré aliingia akipapasa mifuko. Chaki hakuna. Mtoto akatumwa darasa jirani kuomba. Wakati wakingoja, Honoré akawauliza watoto, "Jana tulifika wapi?" Wakapiga kelele, kila mmoja na lake. Honoré akacheka nao, na kwa kuwa hakukumbuka, akaanzia pale ambapo hapakosewi: ba, be, bi, bo, bu. Alikuwa ameitungia wimbo. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini debe la Honoré lilivuma kwa utamu, na hapo ndipo hatari ilipokuwa, maana hakuna mzazi aliyepita dirishani akasikia kitu cha kumtia wasiwasi. Jua likapanda na wimbo ukaendelea.

Walipotoka kucheza, Athanasie alijikaza.

"Mwalimu, unisamehe. Kile kitunga si zawadi. Iko na somo ndani. Muzee anasema kile kiko juu ndiyo cha kwanza."

Honoré alimtazama kwa upole, upole ule wa kumtazama mgonjwa. "Mama, umwambie muzee apumuzike. Somo iko mu kichwa ya mwalimu. Hivi vitu ni vya zamani, batoto banaweza kuvichezea tu." Na alasiri, ili asimvunje moyo, akamwekea viazi vingi kuliko siku zote.

Athanasie aliapa njiani kwamba leo atasema. Hakukivuruga kikapu. Alipofika alimkuta Ntirenganya amekaa, anahema, mkasi mkononi, anakata boksi la biskuti kuwa maneno ya wiki ijayo. Jasho lilimtiririka. Aliinua uso, akatabasamu. Athanasie akarudi jikoni, akafungua nyuzi zote.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mvua zikakatika, jua la kiangazi likaanza kuchoma mawe, na Padri akaketi mezani na karatasi zake. Athanasie hakwenda hata kuchungulia. Alimwambia mumewe kwamba majibu bado, akabeba nguo na kushuka ziwani kufua, akafua hata zilizokuwa safi.

Aliporudi alikuta viatu vya mgeni mlangoni. Ndani, Philomène alikuwa amesimama, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani kama mtu aliyekuja kuaga. Nyiransabimana alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kitanda, na Ntirenganya alikuwa amemnyooshea neno moja.

"Unisomee kidogo, mwana wangu. Pole pole."

Mtoto alilitazama lile neno. Alilitazama sana, kama aliyeonyeshwa mlango asioujua. Kisha, kwa kuwa alimpenda mwalimu wake na hakutaka kumwacha bila kitu, akanyoosha mgongo na kuanza kuimba: ba, be, bi, bo, bu. Aliimba vizuri kabisa, hadi mwisho, na mikono akiichezesha kama Honoré.

Ntirenganya aliteremsha ile karatasi kifuani.

"Hata Padri alimuimbia hivyo hivyo," Philomène alisema. "Wengine pia. Karibu bote balirudi nyumbani, mwalimu. Tulikuja kukuaga. Shangazi yake amekuja, anamupeleka Masisi."

"Unaimba muzuri," Ntirenganya alimwambia mtoto, akamwekea mkono kichwani. "Sana."

Walipotoka, Athanasie alibaki ameegemea ukuta, nguo mbichi zinamchuruzika mkononi. Mumewe hakumtazama kwanza. Alikuwa anatazama vidole vyake.

"Mama Ferdinand. Zile nyuzi, ni nani alikuwa anafungua?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia hapo kitandani. "Ni miye."

"Kila siku?"

"Kila siku. Yule kijana hakufungua kitunga hata mara moja. Niliona siku ile umecheka, Baba Ferdinand. Nikaogopa. Nilitaka ukuwe na furaha."

Alingoja amkemee. Angeomba kukemewa. Ntirenganya alivuta pumzi, akaiachia, akavuta nyingine.

"Ungeniambia," alisema. "Tangu Pasaka niko hapa nalala bure. Ningebaita batoto. Bangeikala pale chini, ku mukeka. Sauti nilikuwa nayo bado."

Athanasie alitazama mkeka. Ulikuwa umekunjwa pembeni siku zote hizo. Watoto wale walipita mbele ya ua wao kila mchana wakitoka shule, wengine walisimama kumsalimia, wakaitikiwa na kwenda zao. Ilihitaji neno moja tu, lakini halikumjia, kwa kuwa alikuwa ameshughulika kumlinda mtu mmoja asilie. Sasa alilia kwa sauti, kama anayelia msibani, na mumewe, ambaye hakuwa na nguvu za kuinuka, alimnyooshea mkono usiofika.

"Asubuhi mapema uende kwa Philomène," alisema alipomwona ametulia. "Umuombe anipe mutoto mwezi huu tu. Padri ananijua, nitamuandikia amusikilize tena. Mumoja tu. Huyo mumoja, nitaweza."

Kabla ya jua kuchomoza Athanasie alikuwa njiani, karibu anakimbia, vidole vinagonga mawe. Philomène alikuwa anafagia ua. Aliusimamisha ufagio na kumsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu. Kamyoni, lori la watu wa mashamba, ilikuwa imepita kukiwa bado giza, shangazi akapanda na mtoto wakaenda.

"Alilia?" Athanasie aliuliza, bila kujua kwa nini anauliza.

"Hapana. Alikuwa anaimba."

Alirudi polepole. Njia yote alitafuta maneno, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka hayakumjia ya uongo. Aliposogeza mlango aliona kwamba mkeka umetandikwa katikati ya chumba. Ntirenganya alikuwa ameteremka kitandani mwenyewe, Mungu ajua vipi, akakaa chini na kuegemea ukuta, amevaa shati lake jeupe la darasani, vifungo vyote hadi shingoni, midomo imegeuka rangi kwa kuchoka. Mbele yake somo lilikuwa limepangwa mstari mmoja, la kwanza upande wa mlango, mahali ambapo mkono wa mtoto ungelifikia.

Macho yake hayakuwa yanaona mbali tena. Alisikia hatua tu, akajinyoosha.

"Ingia, mwana wangu," alisema kwa sauti ile ya darasani. "Ikala, usiogope."

Athanasie alishika mwimo wa mlango.

"Ni miye peke yangu," alisema.